Joto la kuku wadogo wakati wa kipupwe Lushoto: mama kuku, balbu, mkaa au dumu la maji?

Basi likiondoka Mombo, chini ya milima ya Usambara, madirisha yote yako wazi. Kilomita 33 mbele, Lushoto mjini, abiria wameshavaa masweta. Boksi la vifaranga alilolipakata mmoja wao limepanda mlima huo huo, na waliomo ndani wana malaika laini tu, bado hawajaota manyoya. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 9 na Tanga mjini. Mwezi Julai usiku wa Tanga au Pangani hukaa kwenye nyuzi 20 hivi. Usiku huo huo Lushoto hukaribia nyuzi 10, na ukipanda kuelekea Magamba na Shume baridi inazidi.

Nimetanguliza hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Ushauri mwingi wa kulea vifaranga unalenga kuku wa nyama, mamia kwa mamia katika banda moja, sehemu za joto. Mwenye vifaranga ishirini wa kuku wadogo kule Mlalo au Bumbuli akiufuata ulivyo, atatumia pesa nyingi na bado asubuhi atakuta wamerundikana kwenye kona, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa.

Nikisema kuku wadogo nina maana ya ching'wekwe wetu wenye miguu mifupi, pamoja na kuku wa mapambo ambao siku hizi watu wanawatafuta: Silkie mwenye manyoya laini, Sebright, na Serama wa Malaysia ambaye hata akikomaa mara nyingi hafiki nusu kilo. Mwili wa kuku unataka kukaa kwenye nyuzi 41 hadi 42. Mwili ukiwa mdogo, ngozi inayopoteza joto ni kubwa ikilinganishwa na nyama inayolitengeneza. Chai ya kikombe hupoa kabla ya chai ya birika, na kifaranga wa Serama ni kikombe kidogo sana.

Kwanza tenganisha mkubwa na mdogo

Kuku mdogo wa umbo aliyekwisha kuota manyoya kamili hahitaji kuwashiwa chochote Lushoto. Anahitaji kukaa pakavu na kukingwa na upepo. Kifaranga ndiye anayehitaji joto la kuletewa, kwani wiki mbili za mwanzo mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto wenyewe. Wafugaji wengi hufanya kinyume: hununua balbu kwa ajili ya kuku wakubwa, na vifaranga wakaachwa na kipande cha gunia.

Kanuni ya kifaranga inafahamika. Wiki ya kwanza apate nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ufike 21. Kwa vifaranga wa kuku wadogo mimi huongeza wiki moja nzima kabla ya kuwaondolea joto, kwa sababu uzito wao unachelewa.

Sasa linganisha sehemu mbili za mkoa huu huu wa Tanga. Tanga mjini, kifaranga wa wiki ya nne anataka nyuzi 24 na usiku unampa 20 hivi. Pengo ni dogo, wenzake wakimsogelea linazibika. Lushoto, kifaranga wa wiki ya nne anataka nyuzi 24 na usiku una 10. Pengo ni nyuzi 14. Kwa hiyo mtu wa Tanga anachagua chanzo cha joto cha siku kumi na nne hivi, na mtu wa Lushoto anachagua cha wiki sita au saba. Kitu kinachovumilika kwa siku kumi na nne, iwe gharama au kuamka usiku, kinaweza kumshinda mtu kabisa kwa wiki saba.

Mama kuku

Kwa idadi ndogo, sijaona kinachomshinda. Joto la tumbo lake halikatiki umeme, halina moshi, na vifaranga wenyewe huamua waingie lini na watoke lini. Silkie anasifika dunia nzima kwa kupenda kuatamia, na kuku wetu wengi wa kienyeji wako hivyo hivyo. Kumbuka tu umbo lake: mtetea mdogo hufunika vizuri vifaranga sita hadi wanane wa aina yake, wakati mtetea wa kienyeji wa kawaida anafunika kumi na zaidi. Ukimzidishia, wa pembeni watalala nusu ndani nusu nje, na ndio watakaokufa.

Ukiwa na vifaranga wa kununua na mtetea anayeatamia, unaweza kumkabidhi. Fanya hivyo usiku, gizani, akiwa ameshaatamia kwa siku nyingi, na vifaranga wawe wa siku moja au mbili. Yatoe mayai chini yake polepole na uwaingize vifaranga. Wengi hupokea. Alfajiri nenda ukatazame, maana asiyetaka ataanza kudonoa kukikucha.

Udhaifu wake mlimani ni umande. Mama kuku hutoka na watoto alfajiri, na nyasi za Usambara asubuhi ya kipupwe zimelowa chepechepe. Kifaranga mdogo aliyelowa tumbo anapoteza joto haraka kuliko mama anavyoweza kumrudishia. Dawa yake ni tenga. Wafunike mama na watoto kwenye tenga, ndani, wapewe chakula na maji humo, na uwafungulie jua likishashika uwanja, saa tatu au hata saa nne siku za ukungu. Tenga hilo hilo linawakinga na mwewe na paka.

Hapa mtu wa pwani na mtu wa mlimani wanakubaliana: kwa vifaranga wasiozidi kumi na wawili, tafuta mtetea kabla ya kutafuta balbu.

Balbu

Umeme unakupa kitu ambacho mkaa hauwezi, joto lisilobadilika usiku kucha bila wewe kuamka. Ila balbu ya namna gani? Zinazojaa madukani sasa ni za LED, na hizo zinatoa mwanga bila joto la maana. Ukishika balbu iliyowaka dakika tano na mkono usiungue, haimsaidii kifaranga. Taa za sola za nyumbani ziko kundi hilo hilo. Unachotaka ni balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, au ile balbu nyekundu ya joto ya wati 250 inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo.

Tazama matumizi ya LUKU. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 10 kwa usiku inakula uniti 2.5, yaani uniti 75 kwa mwezi. Mwenye kulipia umeme kwenye kundi la matumizi madogo anajua maana ya namba hiyo: uniti 75 ndiyo mgawo wote wa mwezi kabla bei haijapanda, na bado hujawasha taa ya sebuleni. Na siku za ukungu wiki mbili za mwanzo utaiwasha hata mchana. Balbu ya wati 60 kwa saa hizo hizo ni uniti 0.6, yaani 18 kwa mwezi.

Wati 250 zinastahili vifaranga hamsini na kuendelea. Kwa ishirini, balbu mbili za wati 60 ndani ya sanduku lililozibwa vizuri zinatosha, na ikiungua moja inabaki nyingine, jambo ambalo saa kumi alfajiri linaokoa maisha. Mwanga mwekundu ni bora kuliko mweupe: vifaranga wanalala na hawadonoani ovyo. Ining'inize kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe si kwa waya wake wa umeme. Ile ya wati 250 ianze sentimita 45 hivi juu ya migongo yao na uipandishe kadiri wanavyokua. Chombo cha maji kiwe mbali, kioo chenye moto kikirushiwa tone la maji hupasuka.

Kisha swali la kukatika umeme. Balbu bila mpango wa pili ni hatari milimani kuliko pwani, kwa sababu Tanga saa mbili za giza ni usumbufu tu, ila Lushoto saa mbili mwezi Julai zinatosha kuua vifaranga wa wiki moja. Mpango wa pili ni dumu la maji, nalifikia.

Mkaa

Mkaa ndio unaotumika zaidi, na ndio unaonitia hofu zaidi. Jiko la udongo lenye mkaa uliokolea, limefunikwa majivu ili uwake taratibu, linapasha chumba kizima kwa gharama ambayo watu wameizoea. Kwa vifaranga mia na zaidi kijijini kusiko na umeme, sioni njia nyingine ya haraka.

Watu wanaamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi hauna madhara. Si kweli. Moshi ni kitu kimoja na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ni kitu kingine. Hii ya pili haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu unaendelea kuitoa. Ndege wanadhurika nayo upesi kuliko watu. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mashimoni na ndege kwenye vizimba. Baridi ya Lushoto inamshawishi mfugaji kuziba kila tundu, na chumba kilichozibwa chenye jiko la mkaa ndiyo mahali pa kufia, vifaranga na mtoto aliyetumwa kuwalinda. Siwezi kulisema hili kwa upole: mtu asilale kwenye chumba hicho.

Ukilazimika kuutumia, washa nje mpaka moshi uishe, funika kwa majivu, ingiza, na uache tundu la hewa juu ya ukuta, karibu na paa. Zungushia jiko wavu au tofali ili maranda yasishike moto na vifaranga wasiliguse. Na uhesabu usingizi wako. Mkaa hautakufikisha asubuhi. Utaamka kuongeza, na baridi kali kuliko zote huja alfajiri, hasa pale usingizi unapokuwa mtamu.

Chemli niipite haraka. Joto lake ni kidogo, mafuta ya taa ni ghali, moshi unabaki kwenye vifua vya vifaranga, na ikianguka banda limekwisha.

Sanduku na dumu la maji ya moto

Njia hii hutajwa kwa nadra na naipenda kuliko zote kwa mtu mwenye vifaranga kumi na tano hadi arobaini asiye na umeme wa uhakika. Chukua masanduku mawili, moja liingie ndani ya jingine likibakiza nafasi ya vidole vinne kila upande, na nafasi hiyo uijaze majani makavu au maranda yaliyoshindiliwa. Ndani, tandaza blanketi kuukuu kwenye fremu ya fito ili lining'inie mpaka liguse migongo ya vifaranga wakiwa wamesimama. Mlango uwe vipande vya kitambaa wanavyoweza kupenya. Toboa matundu machache juu kwa ajili ya hewa. Humo ndani joto la miili yao wenyewe linabaki. Sanduku la namna hii limejaribiwa na kuenezwa Ethiopia, nchi nyingine yenye vijiji vya milimani visivyo na umeme.

Peke yake, sanduku halitoshi wiki ya kwanza kwenye nyuzi 10, na vifaranga chini ya kumi hawafikishi joto la kutosha. Ongeza dumu la lita 5 lenye maji ya moto, mfuniko umekazwa, limevikwa gunia. Joto linalotoka maji hayo yanapopoa kutoka nyuzi 80 hadi 40 ni karibu sawa na la balbu ya wati 60 iliyowaka muda wa saa nne. Tofauti ni kwamba dumu hutoa joto jingi mwanzoni na kidogo mwishoni, kwa hiyo liweke upande mmoja wa sanduku, vifaranga waweze kusogea karibu au mbali. Tumia dumu gumu la mafuta ya kupikia. Chupa nyembamba za maji ya kunywa hujikunja kwa maji ya moto sana.

Usiku mzima unataka kubadilisha maji mara mbili, tuseme saa nne usiku na saa tisa. Ili usiwashe moto usiku wa manane, chemsha jioni na uyahifadhi kwenye chupa za chai. Ni kazi, sikatai. Lakini ukichelewa kuamka, sanduku lenye kuta nene linashika joto na kukupa muda wa ziada, wakati jiko lililozimika kwenye chumba kikubwa halikupi hata robo ya muda huo. Ndiyo maana hata mwenye balbu namwambia aziweke ndani ya sanduku kama hili badala ya kuzining'iniza katikati ya chumba.

Chanzo chochote utakachochagua, kinengunengu, yaani uzio wa kulelea vifaranga, kiwe cha duara, cha hadibodi au karatasi ngumu, kisiwe na kona za kurundikana. Na kiwashwe saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika kutoka Tanga au Korogwe, mpaka maranda yenyewe yawe na joto ukiyashika. Baada ya hapo waangalie wao kuliko kipimajoto. Wakirundikana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni wametanua mbawa na kuhema, wanaungua. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unapenya upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala kifudifudi, acha kama ilivyo. Kwenye chombo cha maji weka kokoto, maana kifaranga wa kuku mdogo anaweza kuzama au kulowa kwenye maji ambayo wa kuku wa nyama angekanyaga akapita.

Banda la wakubwa

Banda la kuinuliwa lenye sakafu ya fito ni zuri sana pwani, upepo wa kusi unapita chini na kuku wanapumua. Lipeleke Mtae kama lilivyo na upepo ule ule utawapiga tumboni usiku kucha. Mlimani nachagua banda la chini, fupi, lenye sakafu ya udongo na maranda ya kina cha sentimita 10 hadi 15. Upande wa magharibi wa Usambara kuna mbao nyingi, na maranda hayana shida kupatikana. Epuka vumbi laini la msumeno kwa vifaranga, wanalila.

Kosa la baridi ni kuziba banda zima kwa nailoni. Pumzi na kinyesi vinaleta unyevu, unyevu unaleta harufu kali ya amonia, na kuku wanaanza kukohoa. Ziba kuanzia chini mpaka juu kidogo ya vichwa vyao wakiwa wamelala, acha wazi chini ya paa. Magunia yanafaa kuliko viroba kwa sababu yanapitisha unyevu. Fito ya kulalia iwe bapa, upana wa sentimita 5 hivi, ili kuku akichutama manyoya ya tumbo yafunike vidole. Silkie hawezi kuruka, atalala chini, kwa hiyo pale anapolala maranda yawe makavu kila siku. Jioni, saa kumi na moja, wape mahindi yaliyoparazwa. Kusaga nafaka tumboni kunazalisha joto usiku.

Kama bado hujanunua kuku

Kuchagua aina kunakupunguzia kazi kuliko balbu yoyote. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ni kuku bora wa Tanga na Muheza kwa sababu manyoya yake yanaweza kuwa pungufu kwa asilimia hata 40 kuliko ya kuku wa kawaida, anapoa vizuri kwenye joto. Sababu hiyo hiyo inamfanya ateseke Lukozi. Kuku mwenye manyoya yaliyopinda kinyume, yeye pia anavuja joto. Silkie anavumilia baridi kavu, ila manyoya yake hayamwagi maji, na ukungu ukimlowesha anabaki kama hana kitu. Serama mwache pwani, au umfuge ndani ya nyumba. Kwa mlimani, ching'wekwe mwenye manyoya yaliyojaa ndiye chaguo langu.

Na uchague mwezi. Mayai yakiwekwa mwanzoni mwa Machi, vifaranga wanaanguliwa mwishoni mwa mwezi na kufika kipupwe wakiwa na zaidi ya wiki kumi, ila wanapita masika yote wangali wadogo, matope na kuhara damu vikiwasubiri. Yakiwekwa mwanzoni mwa Septemba, baridi inakwisha wanapoanguliwa, siku za jua zinawakuza, na mvua za vuli zikikolea zinawakuta wameshaota manyoya. Mimi naweka Septemba. Mwenye vifaranga mkononi Julai hii awape sanduku, dumu na wiki saba kamili, na asiwaondolee joto usiku wenye mvua hata kama hesabu ya siku imetimia.